Globu tatu ndani ya wiki sita: nilivyodai waranti ya regyuleta

Globu ya taa kubwa ikiungua mara moja, nunua nyingine uendelee na kazi. Ikiungua ya pili ndani ya mwezi, usinunue ya tatu kabla hujapima chaji. Mimi nilinunua, ikaungua pia. Pikipiki ilikuwa ya cc 125, ina miezi mitano, bado iko ndani ya waranti.

Usitupe globu iliyoungua. Yangu ilikuwa ya volti 12, wati 35/35. Kioo kilikuwa kimeingia weusi kwa ndani, na nyuzi zote mbili, ya fulu na ya dimu, zimeyeyuka na kubaki na vitone nchani. Hiyo ni alama ya umeme kuzidi. Uzi ukikatika huku kioo kikiwa safi, mara nyingi ni mtikisiko: kagua kama globu imekaa imara kwenye holda na kama boliti za taa zimekaza. Kioo kikiwa na ukungu mweupe ndani, kimepasuka na hewa imeingia.

Nikaweka multimita (kipimo cha umeme) kwenye DC 20, yaani umeme wa betri hadi volti 20, nchani mwa betri. Injini ikiwa imezimwa nilisoma 12.6. Nilipovuta mafuta hadi mngurumo wa mwendo wa kawaida barabarani, ikapanda mpaka 16.8, wakati haikupaswa kuvuka 14.8 hivi. Betri nayo ilionyesha hivyo hivyo: maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwenye seli zote sita, kwa sababu chaji ikizidi inayachemsha.

Kabla ya kuilaumu regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za chaji, nilifungua boliti ya waya wa bodi (unaounga hasi ya betri na fremu), nikasugua kutu kwa msasa na kukaza tena. Waya huo ukilegea, regyuleta inaweza kudanganyika kwamba betri iko chini, ikazidi kusukuma. Nilipima tena, bado 16.8. (Kuna pikipiki ndogo ambazo taa kubwa inalishwa moja kwa moja na koili ya injini inayozalisha umeme, haipiti kwenye betri, injini ikizimwa haiwaki kabisa. Hizo pima kwenye AC (umeme geu) ya multimita, palepale kwenye holda.)

Kwa muuzaji jibu la kwanza lilikuwa: globu haina waranti. Na ni kweli, globu, plagi na viatu vya breki kwa kawaida haviingii. Nikawaambia sidai globu, nadai regyuleta. Nilibeba kitabu chenye mihuri ya servisi zote, risiti, zile globu, na video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya chesisi, kilomita, kisha multimita ikipanda.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni maneno ya kwenye kadi ya kazi. Fundi alianza kuandika "taa haiwaki". Nikamwomba, "Fundi, naomba uandike chaji inapanda hadi volti 16.8." Kadi ikisema taa haiwaki, watafunga globu mpya, taa itawaka, kadi itafungwa, nawe utarudi baada ya wiki mbili. Wakikataa dai, omba wakupe sababu kwa maandishi.

Na usikate waya kufunga LED wakati unasubiri. Wayaringi iliyokatwa na kufungwa selotepu ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kukunyima haki yako, hata kama kilichokufa ni kitu kingine kabisa.

Walibadilisha regyuleta bure, chaji ikasoma 14.3. Betri niliongeza maji yaliyotoneshwa, si maji ya asidi, ikashika. Globu ya nne nilinunua mwenyewe, nikaifunga nikiishika kwa kitambaa safi, maana ni ya halojeni na mafuta ya vidole yanachoma kioo.

Taa ikishafunguliwa, ielekeze upya. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mtu akiwa amekaa juu yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu uwe sentimita 5 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa, kisha kaza boliti zote mbili za pembeni.