Mtoto Hajaomba

Likizo ya Aprili 2018 nilimpeleka mwanangu kwetu, upande wa Chwele kule Bungoma. Alikuwa na miaka 11, na mwaka wenyewe ulikuwa shufwa. Mbukusu hahitaji kuelezwa zaidi: Agosti ya mwaka shufwa ni msimu wa tohara. Hata mkoba sijautua, kaka yangu alinivuta hadi nyuma ya nyumba akanionyesha fahali mwekundu. "Huyu ni wa mpwa wangu." Kwetu mjomba ndiye humchinjia kijana ng'ombe na kumvisha nyama shingoni, na kaka alikuwa amejinyima kweli kumpata yule mnyama.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshakubaliana mtoto hatakatwa. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya. Kwao jadi haikuwa tohara bali kung'olewa meno sita ya chini, na mama mkwe analo hilo pengo mpaka leo. Yeye husema kwa kicheko, "Meno tumeacha kung'oa na Wajaluo bado tupo." Mwanawe hana mzaha na jambo hili. Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, binamu yake alitoroka Naivasha, ambako wanaume Wajaluo walikuwa wakikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Ukimwambia kisu ndicho kinachomfanya mtu mwanaume, anainuka na kutoka nje.

Basi usiku, baada ya ugali na kuku, Baba Mkubwa akafungua kikao. Nikasema msimamo wetu. Senge, shangazi yangu, akapiga makofi ya mshangao. "Kwa hiyo mjukuu wetu atabaki omusinde, mtu asiyetahiriwa? Siku ya matanga hapa, ataketi na nani? Na wale watoto wadogo?" Hapo nilinyamaza, maana nimekulia pale na najua msinde anavyochekwa.

Binamu yangu muuguzi alikuja na hoja za hospitali: utafiti wa tohara wa Kisumu uliotolewa 2007, kinga ya takribani asilimia 60 kwa mwanaume dhidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke, na huduma ya bure ambayo serikali ilianzisha Nyanza 2008. Sikubishana naye, kwani ni kweli. Nilimjibu tu kwamba kinga hiyo ni ya mtu anayelala na wanawake. Huyu wetu bado anagombania rimoti ya katuni, na akikua hospitali itakuwa pale pale.

Kaka hakusema neno. Aliingia chumbani akatoka na chinyimba alizochezea yeye mwenyewe, kengele mbili zenye kutu pembeni, pamoja na bangili za chuma. Mwanangu akamvamia. Akavaa bangili, ambazo zilimteleza hadi kwenye kiwiko, akaanza kugonga. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto wangu akicheza kama wajomba zake, mabega na yote, na sitaficha kwamba moyo ulinidunda kwa raha.

"Mnaona?" Senge akaruka. "Damu imejisemea!"

Baba Mkubwa akamwita mtoto mbele yake. "Mjukuu, unataka nini?"

"Nataka hizi kengele, kuka," akamjibu babu.

"Na kisu?"

Mtoto akanitazama, akamtazama mjomba wake, akarudisha mikono nyuma. "Kengele tu."

Chumba kizima kikacheka isipokuwa Senge. Nikaona mlango umefunguka. "Baba Mkubwa, si wewe uliyetufundisha kwamba kijana huomba mwenyewe? Kwamba anayesukumwa atakuja kutetemeka mbele ya omukhebi, yule ngariba, aaibishe ukoo?" Mzee alichokonoa meno muda mrefu. Mwishowe akasema mtoto hajaomba, na mtoto ni wa baba yake. Anayetaka kubishana akabishane Siaya. Kisha akaulizia chai.

Asubuhi Senge hakuitikia salamu yangu. Kaka alitusindikiza mpaka stendi, amembebea mpwa wake begi. Matatu ilipokuwa ikijaza abiria, akaniinamia dirishani na kunikumbusha kwamba 2020 nayo ni shufwa. Nikamwambia wa kuulizwa ni mtoto, si mimi. Akasema sawa, basi atamuuliza.