Muscat na mtoto wa miezi 5

Jamani tumerudi salama. Siku 10 Muscat, kule Oman, na mtoto wa miezi 5, na nyie mlioniambia nimechanganyikiwa hamkukosea sana 😂

Kimbembe kilianza hapa hapa Dar kwenye picha ya paspoti, maana mtoto naye lazima awe na yake, sasa umwambie nani atazame mbele asicheke, mpiga picha mwenyewe akaomba poo. Ndege ya usiku, mi nikajua atalala, wapi! Ila mama mkwe alinambia ndege ikianza kushuka mpe ziwa, kule kumeza kumeza ndo kunazibua masikio, basi kanyonya mpaka matairi yanagusa chini hata kuguna hakuguna, aliyeguna ni mbaba wa pembeni nilipommwagia juisi.

Begi la pampasi likabaki njiani siku nzima. Bahati tumefikia kwa shangazi yake baba mtoto, nyumba nzima Kiswahili cha Unguja, jirani kusikia tu huyo na kanga kuukuu mbili, "chana hizi mwanangu, sie tumelelewa na nepi za kanga". Nikachana.

Januari kule hakuna joto la kuua, jioni tunasukuma kigari barabara ya baharini Mutrah, kinateleza sio mashimo ya mtaani kwetu. Sokoni moshi wa ubani ukampigisha chafya sita mfululizo, wauzaji wote mashaallah mashaallah.

Sasa wametuzidi saa moja tu lakini huyu bwana anaamka saa 10 alfajiri anataka kucheza. Baba yake kajifunika shuka anajifanya hasikii.