Mgodi umefungwa, maji je?

Black Mesa ni nyanda ya juu yenye makaa ya mawe huko Arizona, Marekani, kwenye ardhi ya Wanavajo na Wahopi, wenyeji asilia wa huko. Makaa ya mgodi wa hapo yalisagwa, yakachanganywa na maji, yakasukumwa ndani ya bomba kama kilomita 440 hadi mitambo ya umeme ya Mohave, Nevada. Maji hayo yalivutwa kutoka chini ya ardhi, zaidi ya lita bilioni 4 kwa mwaka. Maji safi ya kunywa, jamani! Bomba lilisimama mwishoni mwa 2005. Mgodi jirani wa Kayenta ukafungwa 2019.

Mimi nachimba visima huku Uyui, Tabora. Nikipima kina nashusha kamba yenye jiwe hadi nisikie chubwi, halafu naangalia fundo lililolowa. Pampu ikivuta mchana kutwa, kamba inazama zaidi hata kwenye kisima cha jirani. Ukiizima, maji hupanda, ila mwamba wenyewe unangoja mvua, na ile ya Black Mesa iliingia ardhini maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo inaniuma mtu akisema mgodi umefungwa, yamekwisha. Wahopi chemchemi zao ni za ibada pia. Waendelee kupimiwa maji yao, na namba wapewe wao kwanza. Nasi huku, kila kisima kirefu kiachiwe kibomba cha kupimia kina cha maji.