Njanga ya Douala

Saa nne usiku, mvua inanyesha, na mimi nimesimama pembeni mwa barabara ya Douala nimemshika mdogo wangu mkono. Macho yake yalikuwa yameshafumba kwa uvimbe. Teksi ya kwanza ilipunguza mwendo, nikataja zahanati tuliyoelekezwa, ikaondoka. Ya pili vilevile. Ya tatu dereva alinitazama kama ananisubiri niendelee kusema, nami nikamtazama, akakanyaga mafuta.

Teksi za kule zina utaratibu wake. Dereva akikukaribia unamtajia unakokwenda pamoja na bei unayotoa, akiridhika anapiga honi ndipo unaingia. Mimi nilitaja mahali tu, bila bei, kwa hiyo kwao nilikuwa sijamaliza kusema. Mama mmoja aliyekuwa akifunga meza yake ya ndizi za kuchoma alituona, akaacha mwavuli wake uanguke, akasimama mbele ya gari la nne na kutaja bei kubwa ajabu. Honi ililia. Alimsukuma mdogo wangu ndani, akanishika bega na kusema neno moja: "Ashia." Ndilo neno la pole la Kameruni, nilikuja kulisikia kila siku, kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa.

Tulikwenda Douala Agosti kwa ajili ya harusi ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Harusi ilikuwa nzuri, watu walicheza hadi asubuhi, na hayo yanatosha. Siku zilizobaki zote zimemezwa na kitu kidogo kuliko kidole cha mtoto mchanga.

Mdogo wangu ana mzio wa kamba tangu utotoni. Nyumbani Tanga hili si jambo la kuhangaisha, kila shangazi anajua, na kamba akiwemo chunguni unamwona. Kwa hiyo siku ile tulipoingia mgahawa mdogo jirani na nyumba ya wageni, nilimuuliza mpishi kwa Kifaransa changu cha kubahatisha kama kuna "crevettes", yaani kamba, kwenye chakula chochote. Akasema hakuna. Nilirudia, nikaonyesha kwa vidole, nikamwonyesha hata picha kwenye simu. Hakuna, mama, hakuna. Mdogo wangu akaagiza maharage yaliyoungwa kwa mawese, mimi nikala samaki. Aliyasifu maharage yale. Alisema yana utamu wa chini chini ambao hajui unatoka wapi.

Dakika kumi baadaye alianza kujikuna shingo. Kisha mabaka, kisha midomo, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi.

Zahanati walitaka fedha kwanza. Niandike wazi kwamba jambo hilo liliniumiza kuliko bei zote nilizolipa katika safari ile, na nililipa bei nyingi za kuumiza: bei ya chumba chetu cha nyumba ya wageni, chenye feni inayolalama, ingenilaza Tanga siku tatu na chai ya asubuhi juu yake. Nilimwaga noti zote mezani, faranga za CFA na shilingi zetu zikachanganyika, muuguzi akaokota zinazomfaa. Lakini sindano ya adrenalini iliingia pajani mara moja, na ndani ya robo saa nilisikia pumzi ya mdogo wangu ikifunguka. Daktari alikataa kumruhusu. Alisema mzio wa aina hii unaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama mtu hajala tena kitu, hivyo tulikaa pale mpaka alfajiri.

Daktari alikuwa kijana, anazungumza Kiingereza, na ndiye aliyeniambia neno lenyewe. "Ni njanga," akasema. "Ukiuliza crevettes unauliza kamba mkubwa anayekaa kwenye sahani ukamwona. Njanga haihesabiwi humo. Njanga ni kiungo, kama chumvi. Ungemuuliza mpishi kama ameweka samaki asingekwambia ameweka chumvi." Mpishi hakunidanganya, basi. Alijibu swali nililouliza.

Njanga ni vikamba vidogo vya midomo ya mito na pwani, vinakaushwa kwa moshi vikiwa vizima na maganda yake, kisha vinatwangwa au kusagwa kuwa unga. Unga huo unaingia kwenye ndolé, mchuzi wa majani machungu na karanga, kwenye eru, mboga nyingine ya majani, kwenye mchuzi wa karanga, na kwenye maharage pia. Daktari alieleza kwamba kinachomtesa mdogo wangu ni protini ya misuli ya kamba inayoitwa tropomayosini, na ubaya wake ni ugumu wake: haivunjwi kwa kuchemsha wala kukaanga, na moshi hauiondoi. Kwa hiyo kijiko kimoja cha unga katika sufuria ya watu ishirini kinamtosha.

Siku mbili baadaye, mdogo wangu akiwa amelala na feni yake, nilikwenda Youpwe, mahali ambapo mitumbwi ya wavuvi inatia nanga Douala. Nilitaka kukiona kilichotaka kuniachia msiba ugenini. Nilifuatana na mpwa wa mama mwenye nyumba ya wageni, binti anayejua Kiingereza. Nilikwenda na hasira. Nasema ukweli, ilidumu mpaka harufu iliponifikia.

Ni harufu ya kuni za mikoko na bahari pamoja. Upande wa wakaushaji, chini ya mabati yaliyogeuka meusi, kulikuwa na chanja ndefu zenye wavu mwembamba, na juu yake vikamba maelfu kwa maelfu vimetandazwa tabaka jembamba, vikigeuka kutoka kijivu kuwa rangi ya asali. Nikauliza hicho kichanja kinaitwaje. Yule mama mkaushaji akanijibu: "Banda."

Nilicheka kwa furaha, mchana ule kwa mara ya kwanza tangu usiku wa zahanati. Nilimwambia kwetu banda ni kibanda chenyewe, na hicho chake sisi tunakiita uchanja. Akataka maneno zaidi. Akajinyooshea kidole kifuani, akasema "moto." Nikatazama makaa. Akatikisa kichwa, akaninyooshea mimi: moto. Binti akafafanua kwamba kwa Kiduala moto ni mtu, na watu ni bato. Tulikaa pale, mimi na moto huyu mbele ya moto wake, tukihesabu maneno kama watu wanaotafuta ukoo: nyama yao ni mnyama, yetu ni ya mnyama.

Nilimuuliza kwa nini asianike juani. Bibi yangu alikuwa akianika uduvi kwenye jamvi, siku mbili za jua la kaskazi unalia ukiukanyaga, akaupika kwa nazi na ndimu. Mama yule alinyoosha mkono nje ya bati, mvua ikaujaza. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Debundscha, upande wa pili wa Mlima Kameruni, hupata takriban milimita 10,000 za mvua kwa mwaka, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa duniani, na Douala yenyewe haiko mbali nayo. Ukianika kamba hapo wanaoza kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo moto unafanya kazi ya jua. Joto linatoa maji, na moshi unaacha juu ya ganda kemikali zinazochelewesha uozo na kuzuia mafuta yasichache. Utamu unaousikia ulimini si wa moshi peke yake, maana maji yakitoka, glutamati na viini vingine vya ladha vilivyomo kwenye nyama ya kamba vinabaki vimejazana mahali padogo. Ndio ule utamu wa chini chini ambao mdogo wangu aliusifu.

Na lishe nayo inajazana vivyo hivyo. Kamba mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, protini ni kama sehemu moja ya tano. Akikauka, protini peke yake inaweza kuwa zaidi ya nusu ya uzito. Pamoja nayo kuna ayodini, zinki, seleniamu, vitamini B12, na kwa kuwa hawa wadogo wanaliwa na maganda, kalsiamu kiasi fulani pia. Sasa weka hayo karibu na miondo, vile vijiti vya muhogo vilivyofungwa kwenye majani ambavyo Douala wanakula na karibu kila mchuzi. Muhogo ni wanga, protini yake ni haba mno. Mama asiye na fedha ya nyama wala samaki mzima anatia vijiko viwili vya njanga kwenye majani, na watoto wake wanapata kile muhogo hauna. Nilipoelewa hivyo niliona haya kwa hasira niliyokuja nayo.

Nchi yenyewe imepewa jina la kamba. Wareno walipofika mdomo wa mto Wouri mwaka 1472 walikuta kamba wengi wakauita Rio dos Camarões, Mto wa Kamba, na kutoka hapo likaja jina Kameruni.

Lakini yule mama alikuwa akikohoa. Macho yake mekundu, na kila alipogeuza tabaka aliugeuza uso pembeni akashika pumzi. Kuni za mikoko zinapendwa kwa sababu zinawaka taratibu kwa joto kali na kutoa rangi nzuri, nayo mikoko inapungua. Moshi mzito unaotokana na mafuta yanayodondokea makaa unabeba benzopirini, kitu kinachohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya tangu 2014 hauruhusu zaidi ya maikrogramu 2 kwa kilo katika samaki wa moshi. Nilimweleza binti kuhusu jiko la Chorkor la Ghana, lenye kuta za udongo na trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, linalokula kuni kidogo na kuuficha moshi usimrukie mpishi. Mama alisikiliza, akasema analijua. Akauliza udongo na mbao nitamnunulia mimi? Sikuwa na jibu.

Nilinunua mfuko mmoja. Alinipandishia bei kwa sababu ya ugeni, nilijua, nikalipa. Alinifundisha kuchagua: ziwe nyepesi mkononi, zivunjike kwa mlio, zisiwe na weusi wa masizi wala vumbi la wadudu chini ya mfuko. Zikaangwe kidogo bila mafuta, zipepetwe mchanga utoke, zisagwe siku ya kupika na si kabla, na chumvi itiwe mwisho kwa sababu bahari imeshatia yake.

Jioni mama mwenye nyumba ya wageni alitangaza kwamba mgeni wake hawezi kuondoka Kameruni hajala ndolé. Alinunua sufuria mpya, maana ya zamani ingekuwa na njanga hata ukiisugua. Samaki wa moshi, bifaka, aliwakataa pia, kwa kuwa wanakaushwa kwenye banda lile lile. Alichemsha yale majani machungu na kanwa, ambayo ni kama magadi yetu, akayafua kwa mikono maji matatu, manne, uchungu ukabaki wa kutosha tu. Karanga alizichemsha na kuzisaga mwenyewe, asiamini mashine ya sokoni inayosaga kila kitu. Akaweka nyama ya ng'ombe.

Alipoonja alinyamaza. Akaonja tena. Akasema kitu kwa Kiduala, na binti akakitafsiri kwa sauti ndogo: ndolé haijawahi kupikwa kwao bila njanga tangu kwa mama yake. Mdogo wangu alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Yule mama alimtazama akila mpaka mwisho, mkono shavuni.

Usiku ule nilitoa mfuko wangu sandukuni. Vumbi lake tu lilikuwa limeshaingia kwenye mishono ya nguo. Nilimwachia mama wa nyumba njanga zote, akazipokea kwa mikono miwili. Kilichofika Tanga ni ushungi wangu, unaonuka moshi wa mikoko. Nilikaa nao siku mbili, nikaufua mara tatu kabla mdogo wangu hajaja kwangu kula.