Nilivyopata waya wa kusafishia dohani

Nyumba yetu ya Limuru ni ya zamani, na dohani yake ina kona inapopita darini. Fito za kusukumia brashi hazipiti pale. Baridi ya Julai ikibana tunawasha moto kila jioni, kuni za mikaratusi na miwati, na zikiwa mbichi zinaacha masizi ya kunata yanayoweza kushika moto. Ndiyo maana nilitengeneza mtambo wangu: brashi ya chuma katikati, waya juu na waya chini, mmoja anavuta paani, mwingine mekoni.

Muuza hadiwea aliniapia kwamba waya wa kuanikia nguo, ule uliovikwa plastiki, haushiki kutu. Hadi leo naudhika. Maji huingia penye ncha iliyokatwa, yakabaki humo chini ya plastiki, na masizi yaliyolowa yana asidi. Kwa nje ulikuwa mpya kabisa. Waya wa juu ulikatika brashi ikiwa imekaza kwenye kona, na nilipoukwangua kwa kisu nikakuta unga wa kahawia. Waya wa chini ndio uliotuokoa: tulivuta polepole, brashi ikarudi mekoni. Bila huo tungebomoa ukuta. Usifunge upande mmoja tu, hata ukiambiwa inatosha!

Kwenye duka jingine niliangalia ncha kwanza. Kamba ya waya inayofaa ina vikundi 7 vya nyuzi 19, jumla 133. Kuna yenye nyuzi 19 nene tu. Ina nguvu sana lakini haipendi kona. Nilizungusha kila moja kwenye chupa ya soda, nikaachia. Ile nene ilibaki imepinda, ya nyuzi 133 ikanyooka yenyewe. Nikachukua hiyo, unene milimita 4, iliyopakwa zinki, chini ya shilingi mia mbili kwa mita. Kinachoua waya humu ni kupindapinda, si uzito.

Zungushia tepu kabla ya kukata, la sivyo ncha itafumuka. Kwenye klipu ya kufungia kitanzi cha waya, tandiko (kile kipande cha chuma kinachokalia waya) likae upande wa waya unaovuta, U (ile boliti iliyopinda) ibane ncha fupi. Mafundi wengi hufunga kinyume, U ikaponda waya wenye kazi.

Tukimaliza kusafisha naupitishia waya kitambaa chenye mafuta, urefu wote. Uzi uliokatika hunasa kitambaa. Mpaka sasa hakijanasa.