Siku moja maishani mwangu: fundi wa milango ya gereji, Minnesota, Marekani, mwezi wa Januari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inaonyesha nyuzi 24 chini ya sifuri. Baridi ya namna hii ndiyo msimu wetu wa mavuno: grisi inaganda kama samli, chuma kinakakamaa, milango inagoma. Ofisi imenipangia wateja wanne. Wameandika 7:30, mimi nasoma saa moja na nusu. Miaka sita tangu nitoke Tanga na bado kichwa kinatafsiri saa.

Saa moja na nusu. Mzee mmoja, pembezoni mwa Minneapolis. "Mota imekufa," ananipokea. Haijafa. Inanguruma, mnyororo unajikaza, mlango unainuka vidole viwili, unarudi chini. Natazama juu: springi ya kushoto imekatika, pengo linaonekana wazi. Namuuliza kama usiku alisikia kishindo. Alikisikia, akadhani tawi limeangukia paa.

Jambo hili nalieleza kila siku na sichoki: mota hainyanyui mlango. Mlango wa chuma wa magari mawili unaweza kupita uzito wa mtu mzima, ila zile springi za juu zimesokotwa hadi nguvu yake ilingane na uzito huo. Springi zikiwa nzima, mtoto wa miaka kumi anaufungua kwa mkono. Mota inasindikiza tu. Mzee wangu kabonyeza kitufe pengine mara kumi na tano akitumaini, na nikifungua kifuniko cha mota nakuta unga mweupe: meno ya gia ya plastiki yamesagika. Kilichokuwa gharama moja kimekuwa mbili.

Nabadilisha springi zote mbili, maana iliyobaki ni pacha wa marehemu. Za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ukihesabu mmoja. Ukitoka na kurudi kiasi cha mizunguko 4 kwa siku, ni karibu miaka 7. Kusokota ndiyo sehemu isiyotaka mazungumzo. Mlango wa futi 7 unataka robo-mzunguko kama 30 kwa kila springi, kwa fimbo mbili za chuma, moja ikishika wakati nyingine inazungusha. Mwili unakaa pembeni, uso mbali na fimbo. Mzee anasema mwanawe alitaka kujaribu kwa bisibisi. Kuna kazi za kujifunzia kwenye video. Hii naomba mniachie mimi.

Saa tano. Mlango umeganda sakafuni. Theluji iliyeyuka jana, maji yakaingia chini ya mpira wa ukingo wa mlango, usiku yakawa barafu. Mota inavuta, inahisi kizuizi, inasimama, na iko sahihi kabisa. Mashine ya kukaushia nywele, dakika ishirini, kwaheri. Mwenye nyumba alitaka kumwaga maji ya moto. Yangeganda tena kabla sijafika barabara kuu.

Saa saba. Chapati na maharage ndani ya gari, injini ikiwaka.

Saa nane. Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, kwa mama wa Kikenya. Nampa shikamoo, anacheka. "Marahaba! Watu wa Tanzania na heshima zenu." Rimoti yake haifanyi kazi mpaka asogee karibu kugusa mlango. "Betri nimebadilisha mara tatu, kijana wangu." Naangalia juu: balbu mpya ya LED, ya bei ya chini, ndani ya mota yenyewe. Baadhi ya balbu hizi hutoa mawimbi yanayofunika mawimbi ya rimoti. Naitoa, natembea hadi barabarani, nabonyeza, mlango unafunguka. "Balbu!" anasema, kama aliyeibiwa na jirani.

Kwa kuwa nipo, namfanyia ukaguzi. Navuta kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota, mlango ukiwa umefungwa. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, unaweza kukuangukia. Nauinua hadi nusu, naachia: unatulia hapo hapo, springi ziko sawa. Naurudisha kwenye mota, nalaza ubao wa inchi 2 kwa 4 sakafuni, naufunga: unagusa ubao na kurudi juu. Bawaba na magurudumu napulizia mafuta ya silikoni. Reli nazifuta tu, hazipakwi kitu. Chai ya maziwa yenye tangawizi inakuja bila kuulizwa. Ofisi itaona nimechelewa.

Saa kumi na robo. Mlango unaofunga asubuhi na kukataa jioni. Wenyewe wanahisi nyumba ina jambo. Karibu na sakafu kuna macho mawili yanayotazamana, moja linatuma mwali, jingine linapokea. Kitu kikikatiza katikati, mlango haushuki. Marekani macho haya, au kinga nyingine ya namna hii, yanatakiwa kisheria kwenye mota zote za nyumbani zilizotengenezwa tangu 1993, kwa sababu watoto walikuwa wakibanwa na kufa. Gereji hii inatazama kusini, na jua la Januari linashuka chini chini upande wa magharibi, likilimulika jicho la mashariki lenye kazi ya kupokea. Limepofuka. Nayabadilisha pande, mpokeaji anakaa magharibi akilipa jua mgongo. Mlango unashuka. Mwenye nyumba anautazama muda mrefu, kama anasubiri ubadili mawazo.

Saa tatu usiku. Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi, mama kashaswali. Anauliza nilikuwa wapi siku nzima kwenye baridi hiyo.

"Kwenye milango ya watu, mama."

"Kwani huko hawafungi kwa mkono?"

Namwambia wanaweza, wakivuta kamba nyekundu.