Ufito, maduara manne na Jua lisiloshika saa

Septemba 7

Darasa la sayansi ya dunia, anga na mazingira limeanza kwa kazi moja: kila mwanafunzi achague kitu cha kupima kwa miezi kadhaa, apime mwenyewe, na aandike kila anachokiona hata kama kinamwaibisha. Wenzangu wawili wamechagua mvua, mmoja udongo, mmoja atachora Mwezi kila usiku. Mimi nimechagua kivuli. Nikisema kweli, ni uvivu tu. Nilidhani kivuli kinajipima chenyewe.

Swali langu ni hili: Jua hufika juu kabisa saa ngapi, na je, ni saa ileile kila siku?

Njia yenyewe ni ya kale. Unasimamisha ufito, unachora duara kuuzunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu na kinavuka duara. Jua likipanda kinafupika, mpaka ncha yake iguse mstari. Unatia alama na kuandika saa. Baadaye kivuli kinarefuka tena na ncha inagusa duara upande wa pili. Unatia alama nyingine, unaandika saa nyingine. Katikati ya saa hizo mbili ndipo Jua lilipokuwa juu kabisa. Huna haja ya kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote, kazi ambayo ni ngumu kwa sababu wakati huo urefu wake hauonekani kubadilika kwa dakika nyingi. Na ukipiga mstari kutoka mguu wa ufito hadi katikati ya zile alama mbili, umepata kaskazini na kusini bila dira.

Ufito wangu una mita 1. Timazi ni uzi na jiwe. Nimechora maduara manne kwa chaki ili wingu likiniharibia moja, nibaki na mengine.

Septemba 14

Ncha ya kivuli haipo. Nilipoinama kutia alama nikakuta giza, kisha kijivu, kisha mwanga, na hakuna mahali unapoweza kusema "hapa ndipo kinapoishia". Duara moja lilinipa jibu, la pili likanipa jibu jingine, tofauti ya dakika mbili tatu.

Kosa si langu, ni la Jua. Lingekuwa nukta, kivuli kingekatika kama kwa wembe. Lakini kutoka hapa duniani lina upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo kuna eneo ambalo ufito unaziba sehemu tu ya Jua. Kwa umbali wa mita moja, eneo hilo ni takriban milimita 9. Ndicho kile kijivu changu.

Septemba 21

Nimebandika kipande cha kadibodi juu ya ufito na kukitoboa tundu dogo kwa pini, tundu likiwa sawasawa juu ya kitovu cha maduara. Sasa sitafuti ncha. Natafuta kitone cha mwanga ndani ya kivuli cha kadibodi. Kitone hicho ni picha ya Jua lenyewe. Mwanzoni nilidhani ni umbo la tundu, nikatoboa jingine la pembetatu kujaribu. Kitone kikabaki kile kile cha mviringo. Nilikaa nacho muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Natia alama katikati ya kitone. Maduara manne sasa yanapishana kwa chini ya dakika moja. Vipimo vya nyuma navifuta. Leo ndiyo siku yangu ya sifuri. Siku nyingine zote nitazilinganisha na leo.

Oktoba 5

Jua limewahi kwa dakika nne na nusu.

Nilishuku saa ya ukutani. Nikailinganisha na simu, ambayo inajirekebisha kwa mtandao: zinapishana kwa sekunde zisizofika kumi. Saa haina hatia. Nikashuku ufito, na hapo nikapata mtu wa kulaumu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameung'oa kuangulia kiatu chake juu ya mti na kuurudisha "palepale". Ulikuwa umeinama.

Hapa nilijifunza kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani ufito ukiinama, kosa la asubuhi na la mchana yangefutana. Hayafutani. Kitone kikisogea sentimita moja kuelekea magharibi, asubuhi kinachelewa kuingia ndani ya duara, na mchana kinachelewa kutoka. Alama zote mbili zinachelewa, kwa dakika moja au zaidi. Nimeusimamisha upya kwa timazi na kurudia kesho yake. Jua bado lilikuwa limewahi.

Novemba 2

Limewahi kwa dakika tisa na nusu. Nilimpelekea mwalimu daftari na kumuuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Akaangalia namba, akanirudishia. "Endelea mpaka Februari." Basi.

Novemba 16

Dakika nane. Yaani linarudi nyuma! Sikuwa nimefikiria kwamba linaweza kugeuka.

Mwenzangu wa udongo amemaliza kazi yake ya chupa: udongo, maji, tikisa, tulia. Mchanga ulizama ndani ya dakika moja hivi, tope laini likachukua saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi bado umeyafanya maji kuwa kama chai ya maziwa baada ya siku mbili. Namwonea wivu. Kitu chake kinakwenda upande mmoja tu.

Desemba 7

Jua bado limewahi, lakini kwa dakika moja na nusu tu ukilinganisha na siku ya sifuri. Tumeanza somo la mizunguko ya sayari, na mambo yameanza kukaa sawa kichwani.

Kwanza, Dunia haijizungushi kwa saa 24. Inamaliza duru moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini wakati inajizungusha inasonga pia kulizunguka Jua, karibu digrii moja kwa siku, kwa hiyo inabidi iongeze kidogo ili ilikute Jua tena palepale. Digrii moja ni dakika nne. Ndiyo saa 24 zinatimia.

Tatizo ni lile neno "karibu". Njia ya Dunia ni duaradufu. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, mwanzoni mwa Julai milioni 152. Ikiwa karibu Dunia hukimbia, kama kilomita 30.3 kwa sekunde; ikiwa mbali hushuka hadi 29.3. Ikikimbia, ile nyongeza ya kila siku inakuwa kubwa, na Jua linachelewa kufika juu. (Kuna aliyeuliza darasani kama basi Januari ndiyo mwezi wa joto kwa dunia nzima. Hapana. Majira yanaletwa na mwinamo wa mhimili, ndiyo maana nusu mbili za dunia huwa na majira yanayopingana.)

Mwinamo huo wa digrii 23.4 ndio sababu ya pili, na ulinisumbua mpaka nilipochukua mpira. Nilichora ikweta kwa kalamu ya bluu, kisha njia ya Jua kwa nyekundu, ikiikata ikweta kwa mshazari. Mistari inapokutana, ambapo ni Machi na Septemba, sehemu ya mwendo wa Jua inapotea katika kupanda au kushuka, kwa hiyo linasonga kidogo kuelekea mashariki. Juni na Desemba nyekundu inakwenda sambamba na bluu, tena mahali ambapo mistari ya longitudo imebanana zaidi, kwa hiyo Jua linaivuka haraka. Siku ya Jua inarefuka.

Desemba sababu zote mbili zinasukuma upande mmoja. Kwa siku za mwisho wa mwezi huu, siku ya Jua inazidi saa 24 kwa nusu dakika. Nusu dakika si kitu, lakini inajumlishwa kila siku.

Januari 4

Limechelewa dakika kumi na mbili. Niliposoma namba hii nilicheka peke yangu uani.

Februari 8

Dakika ishirini na moja. Tangu Novemba 2, adhuhuri ya Jua imehama kwa dakika thelathini na nusu, na saa ya ukutani haikutikisika.

Sasa mwalimu amenipa jedwali la kile kinachoitwa mlinganyo wa wakati, yaani tofauti kati ya Jua na saa kwa kila siku ya mwaka. Mwanzoni mwa Novemba Jua hutangulia saa kwa zaidi kidogo ya dakika 16, na karibu Februari 11 hubaki nyuma kwa dakika 14. Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa chini ya dakika moja, la Novemba 16, siku yenye mawingu ambapo nilipata duara moja tu. Kama jedwali lingekuja Septemba, nadhani ningelinakili na kulala.

Jambo moja nimeliharibu. Kila siku ya kupima, saa sita kamili ya saa ya simu, nilikuwa natia pia alama ya kitone sakafuni. Alama hizo zikijaa mwaka mzima zinapaswa kuchora umbo la namba nane. Zile za Septemba na Oktoba nilizitia kwa chaki, mvua ikazifuta. Kuanzia Novemba natumia rangi. Karibu Aprili 15 mlinganyo ni sifuri, nami nataka alama ya siku hiyo hata kama itabidi nisubiri wingu lipite. Kwa sasa nane yangu inafanana na ndoano, na mdogo wangu ameichorea samaki.